Mtu wa Mlangoni

Kila Jumapili, wakitoka kanisani na kabla chai haijamiminwa, Mzee Gideoni aliuliza swali lilelile, na mkwewe Raheli akatoa uongo uleule.

"Mama Gladness, baba bado amesimama?"

"Amesimama, baba."

"Na kofia yake?"

"Ipo kichwani."

Hapo mzee alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeridhika, akanyoosha mkono kuomba kikombe.

Swali lilihusu picha iliyoning'inia sebuleni, juu ya televisheni, katika nyumba yao ya Ipagala. Ilikuwa picha ya zamani ya rangi za maji, upana wake kama sinia la chai, ndani ya fremu iliyoanza kuliwa na wadudu. Ilionyesha mbele ya jumba la Bwana Mkubwa wa enzi za Waingereza, jumba ambalo mpaka leo lipo mjini Dodoma. Kulikuwa na ngazi tano, nguzo mbili nene zilizopakwa chokaa, mlango mkubwa wa mbao mbili, vyungu vya maua mekundu, na mbwa wa kahawia amelala ngazi ya pili. Chini ya mlango palikuwa na doa jeusi ambalo Raheli alilisugua miaka yote akidhani ni uchafu wa inzi. Mtu hakuwamo. Ungeitazama kwa miwani, kwa tochi, au kwa mfungo wa siku tatu, mtu usingemwona.

Raheli alielezwa jambo hilo wiki ya kwanza ya ndoa yake, miaka kumi na moja iliyopita. Mama mkwe wake, Loisi, alimwita jikoni akafunga mlango.

"Mzee hajawahi kuiona hii picha," alimwambia. "Macho yake yalikwenda na surua akiwa na miaka minne. Baba yake, Ndahani, ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa jumba lile. Yule mama wa Kizungu, mke wa Bwana Mkubwa, akamsimamisha pale mlangoni asubuhi tatu, anachora. Walipoondoka akampa picha. Ndahani akaja nayo nyumbani, akamwambia mwanawe, nimo humu, nimesimama mlangoni. Mimi nimeolewa, Ndahani ameshafariki, nikatazama. Hayumo. Ningemwambiaje? Wewe utamwambiaje?"

Loisi alishusha sauti.

"Basi akikuuliza, amesimama. Kofia ipo kichwani."

Loisi alifariki miaka minne iliyopita. Alimwachia mkwewe sufuria kubwa za shughuli, jiwe la kusagia karanga, na uongo huo.

*

Balaa lililetwa na mumewe, tena kwa furaha zote. Nathanaeli alikuwa fundi wa madirisha ya alumini, na mwezi ule alipata kazi kwenye lile jumba, lililokuwa likikarabatiwa ili liwe mahali pa maonyesho ya mambo ya kale. Katika maongezi ya kazini alimtajia ofisa mmoja kwamba nyumbani kwao ipo picha ya mlango huohuo. Jumamosi akaipiga picha kwa simu, akaituma. Jumatatu jioni akaingia sebuleni bado ana vumbi la kazi kwenye nyusi.

"Baba, wanaitaka picha yetu! Ofisa anakuja Alhamisi kuiona. Ikifaa inatundikwa palepale mlangoni, na jina letu linaandikwa chini yake."

Mzee Gideoni alikuwa akimenya karanga. Mikono yake ikasimama.

"Jina la nani?"

"La kwetu. La babu."

"Ndahani," mzee alisema taratibu, kana kwamba analipima kama litaenea. "Wataandika Ndahani kwenye ukuta wa Bwana Mkubwa."

Raheli alimfuata mumewe bombani, alikokwenda kunawa.

"Wewe una akili kweli?"

"Nimefanya nini tena?"

"Ofisa akija, baba atasema nini? Atasema, huyu aliyesimama ni baba yangu. Na yule ofisa ana macho."

Nathanaeli aliacha maji yatiririke kwenye viganja vyake. Mtu mzima, fundi wa kupima madirisha kwa milimita, hili hakulipima kabisa.

"Nitampigia nimwambie asije."

"Umwambie hivyo, halafu baba umwambie nini?"

Akafunga bomba.

*

Jumanne Raheli alikata shauri kusema ukweli. Alipika uji wa ulezi, akautia ndimu kama mzee alivyoupenda, akamkuta ameketi uani na kile kibao chake cha kuandikia nukta nundu. Mzee Gideoni alisoma shule ya wasioona ya Buigiri, na baadaye akafundisha wasioona wenzake kusoma kwa miaka thelathini. Vidole vyake vilikuwa maarufu. Waliofundishwa naye walisema aliweza kujua shati limepigwa pasi na nani.

"Baba, kuhusu ile picha," Raheli alianza.

"Ndiyo ninayoandikia. Kaa usikie." Akapitisha kidole juu ya karatasi nene, akasoma: "Anayesimama mlangoni ni baba yangu, Ndahani, wa Mvumi. Yameenea?"

"Yameenea, baba. Lakini..."

"Unajua, mwanangu, baba alifanya kazi mle miaka kumi na tisa. Hajawahi kukaa. Si kwenye kiti, si kwenye ngazi. Kula alikula nyuma, kwenye kuni, yeye na kuku. Jioni mama anamkanda miguu kwa maji ya chumvi, imevimba hivi. Akanambia mimi, Gideoni, mahali pekee nilipopewa nafasi katika nyumba ile ni kwenye picha." Mzee akautafuta uji kwa mkono, akaupata. "Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kuuliza koti nilipige pasi lini."

"Kesho jioni. Usiniunguzie kola."

Raheli alirudi jikoni akajiegemeza kwenye kabati la vyombo. Alijisikia vibaya, na palepale, katika kujisikia vibaya, wazo likamjia. Kwenye ukuta wa kibanda chake cha maandazi palikuwa na kikombe cha chai kinachofuka moshi, kimechorwa vizuri mpaka wateja walikuwa wakikisifia. Aliyekichora alikuwa Ludovick.

*

Jumatano asubuhi mzee alipelekwa kinyozi na mjukuu wake Gladness. Nyuma yao Ludovick akaingia na makopo matatu na brashi kwenye soksi kuukuu. Huyu alikuwa mchora mabango: saluni, bucha, mikia ya malori. Alitoa kioo, akailaza picha juu ya meza, akaitazama kwa dharau kidogo.

"Aliyechora hii alikuwa anabania rangi."

"Usiseme sana. Mtie mtu mmoja tu, hapo mlangoni, upande huu wa kushoto uliofungwa. Mrefu."

"Mweusi?"

"Sasa awe wa rangi gani, Ludovick? Mgogo wa Mvumi!"

"Nauliza tu, dada. Kazi ni maelezo."

"Kanzu nyeupe. Mshipi mwekundu. Kofia ile nyekundu ya zamani, ndefu."

Ludovick akafungua kopo. Raheli akaona harufu ni kali, akauliza kama zile ndizo rangi za maji.

"Za maji za nini? Hizi za mafuta. Hizi hata mvua ya mawe haizitoi."

Alilisema kama sifa, na Raheli akalipokea kama sifa. Kwa saa moja nzima alisimama nyuma ya bega la fundi, akaona mtu anazaliwa. Kanzu ilikaa vizuri. Mshipi ulikaa vizuri. Kichwa kiligusa kizingiti cha juu, kwa hiyo kama mtu huyo angetaka kupita ingebidi ainame. Sura ilifanana na ile ya bango la kinyozi aliyekuwa akimnyoa mzee saa hiyohiyo. Miguu ilimshinda Ludovick, akaificha nyuma ya mbwa.

"Mbona mkubwa hivi?" Raheli aliuliza.

"Mlinzi lazima atishe."

Wakairudishia kioo, wakatia njiti za kiberiti pembeni kisiguse rangi mbichi. Mzee alirudi kichwa kinang'aa. Alisimama kizingitini akavuta pumzi.

"Nani anapaka rangi?"

"Jirani, baba. Anapaka geti."

"Amejaza rangi mpaka kwetu," mzee alisema, akapita kwenda kuvua viatu.

*

Alhamisi saa nne ofisa akafika. Aliitwa Erica, msichana wa miaka kama ishirini na minane, suruali ya kitambaa na mkoba wa kompyuta begani, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Raheli alimpenda kwa hilo, na kwa hilo pia akazidi kumwogopa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kumwona baba?"

Erica hakuelewa, akatabasamu tu. Mzee alikuwa amevaa koti, vifungo vyote vitatu, na karatasi ya nukta nundu mfukoni. Raheli alileta chai na maandazi. Nathanaeli, aliyeomba ruhusa kazini, alisimama karibu na dirisha akilikagua kama vile si yeye aliyelitengeneza.

Erica akanyanyuka na kikombe mkononi kwenda kuitazama picha. Akaitazama. Akatoa simu mfukoni, akaitazama simu. Akarudi kuitazama picha.

"Samahani. Hii ndiyo ileile mliyonitumia Jumamosi?"

"Ndiyo hiyo," Nathanaeli alisema upesi.

"Maana katika ile mliyonitumia, huyu mtu hayumo."

Picha ya simu! Walikumbuka kanzu, wakakumbuka mshipi na kofia na njiti za kiberiti, lakini picha ambayo wenyewe waliituma kwa vidole vyao hawakuikumbuka. Raheli alimtazama Erica kwa macho ya kuomba, na msichana wa watu akaelewa, ila alikwisha sema.

"Mtu gani hayumo?" mzee aliuliza.

Nje muuza mboga alipita akinadi mlenda.

"Nathanaeli. Ishushe. Toa kioo."

"Baba, itaharibika..."

"Toa kioo."

Ikashushwa, ikalazwa mezani kati ya vikombe. Mzee Gideoni alijifuta vidole kwenye koti, kisha akaviweka juu ya karatasi, chini kabisa. Maisha yake yote picha ile ilikuwa nyuma ya kioo, na kioo kwake kilikuwa kioo tu. Vidole vikapanda polepole. Kwenye ngazi, hakuna kitu. Kwenye nguzo, hakuna kitu, karatasi bapa kama bahasha. Maua, hakuna. Kisha vikagonga ukingo wa kanzu.

Vikasimama. Rangi ya Ludovick ilikuwa nene, imeinuka kama nukta nundu. Kidole kikapanda kwenye mshipi, kikafika begani, kikazunguka kofia.

"Ni huyu?"

"Ndiye huyo, baba," Nathanaeli alisema.

Uso wa mzee ulifunguka. Raheli hakuwa amewahi kuuona hivyo, hata siku Gladness alipozaliwa, na furaha ile ilimchoma kuliko angetukanwa. Kwa muda mdogo sana alidhani wamepona.

Mzee akainua kidole, akakinusa.

"Geti la jirani," alisema.

*

"Ni mimi, baba," Raheli alisema. Hakujua alipiga magoti saa ngapi. "Si Nathanaeli. Ni mimi nilimwita Ludovick amchore."

"Na chini ya huyu wa Ludovick kuna mtu?"

"Hakuna."

"Aliwahi kuwapo?"

"Hakuwahi, baba."

"Loisi alijua?"

"Alijua."

Mzee alikuwa akihesabu, na waliokuwa mle ndani walijua anahesabu nini. "Loisi miaka arobaini na sita. Wewe kumi na moja. Kila Jumapili." Kisha akageuza uso upande wa ofisa. "Mwanangu, mbwa yumo?"

"Yumo, babu," Erica alijibu kwa sauti ndogo.

"Ana mkanda shingoni?"

"Anao. Wa bluu."

Mzee alicheka, kicheko kikavu kisichomfurahisha mtu. "Mkanda wa mbwa aliuona. Asubuhi tatu baba amesimama mbele yake, akauona mkanda wa mbwa."

Raheli akalia waziwazi. Alilia kwa sababu ya mzee, na kwa sababu ya Ndahani ambaye hakuwahi kumjua, na kwa aibu pia, maana mgeni alikuwa anatazama. Erica aliomba radhi mara mbili. Kisha, kwa kuwa ni kazi yake, akaeleza kwamba picha ikiwa hivi ofisi haiwezi kuitundika. Rangi ile ikibanduliwa itaondoka na karatasi. Alilisema kwa upole, lakini lilisemwa. Akaanza kukusanya vitu vyake.

"Subiri," mzee alisema. "Hiyo iliyomo kwenye simu yako haina geti la jirani?"

"Haina, babu. Ni safi."

"Itazame. Mlango uko wazi au umefungwa?"

Erica akaikuza kwa vidole viwili. "Uko wazi. Lakini upande mmoja tu."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Ukiwa umesimama nje?"

"Nje, babu. Kama ninayetaka kuingia."

Mzee akaketi mbele kidogo kwenye kiti. "Ubao wa kushoto bawaba yake ilikuwa imelegea. Ukiufungua unakwaruza sakafu, na mkwaruzo ule baba aliusugua amepiga magoti mpaka Bwana aridhike. Kwa hiyo aliapa hatoufungua ila akija Gavana. Wengine wote, awe padri, awe nani, walipita kulia. Na upepo wetu huu unaujua, mlango haukai wazi wenyewe. Alikuwa na jiwe lake, jeusi, alilitoa kwetu Mvumi. Analisukuma chini kwa mguu. Tazama chini ya mlango."

Erica akakuza tena. Raheli akainuka, akaja kuchungulia begani pake.

"Kuna kitu cheusi," Erica alisema. "Nilidhani doa."

"Nami nilidhani doa," Raheli alisema. "Nimelisugua miaka kumi na moja."

"Si doa," mzee alisema. Alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kisosi kando ya mabaki ya andazi. Akaomba kibao chake. Walimsubiri wakati anatoboa, tobo moja moja, bila haraka, kama mtu aliyeko peke yake. Alipomaliza akampa Erica.

"Andika kwa maandishi yenu pia. Aliyefungua mlango huu ni Ndahani, wa Mvumi."

"Nitaipeleka ofisini na ile picha ya simu, babu. Inaweza kuchapwa kubwa. Lakini siwezi kuahidi."

"Sijakuomba uahidi. Nimekuomba uandike."

Erica akaandika.

*

Siku mbili zilizofuata mzee hakumsemesha Raheli. Chai aliipokea kutoka mkononi mwa Gladness. Akihitaji fimbo, aliitafuta mwenyewe, akagonga meza, akagonga ndoo, Raheli amesimama hatua moja asithubutu kumsogezea. Nathanaeli aliirudisha picha ukutani kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka, na mtu wa Ludovick akabaki anawakodolea macho kila walipowasha televisheni.

Jumapili walikwenda kanisani, wakarudi. Upepo ulikuwa unaleta vumbi mpaka chini ya mlango. Raheli aliweka birika mezani, akapanga vikombe vinne, akangoja. Aliona mzee akiutafutia mpini wa fimbo mahali pa kuegemea, akauegemeza, akajikalisha sawasawa.

"Mama Gladness."

"Abee, baba."

"Mlango uko wazi?"

Angeweza kujibu palepale alipokuwa. Lakini aliweka birika chini, akaenda mpaka ukutani, akasimama mbele ya picha, akaitazama vizuri pembeni ya yule mtu wa Ludovick mwenye sura ya bango la kinyozi.

"Uko wazi, baba."

"Upande gani?"

"Wa kulia. Na jiwe lipo."

Mzee Gideoni akakohoa kidogo, akanyoosha mkono kuomba kikombe.